Wakuu, namba 2147483647 ni namba gani hasa?

Karani wa Kiboriloni (Moshi)

Wakuu, habari za jioni. Natunza kumbukumbu za chama kimoja cha akiba na mikopo huku Moshi. Tumehamisha taarifa za wanachama kutoka kwenye madaftari kwenda kwenye mfumo wa kompyuta: jina, hisa, mkopo, na namba ya simu ikianza na 255. Leo nafungua orodha ili tuwatumie ujumbe wa mkutano mkuu, nakuta wanachama wote wana namba moja ya simu: 2147483647. Bibi wa Uru, kijana wa bodaboda wa Majengo, mwenyekiti, wote hiyo hiyo.

Ofisini kila mtu ana lake. Mmoja anasema ni kirusi, mwingine anasema tumeingiliwa na matapeli na hiyo ndiyo laini yao. Nimeitafuta mtandaoni nikaikuta kila mahali, hadi kwenye kurasa za hesabu tupu zisizo na uhusiano wowote na simu. Naomba anayeijua anieleze. Hii ni namba gani, na kwa nini ni hii na si nyingine?

Mangi wa Mbuyuni

Nakaa hapa nisubiri majibu. Jirani yangu mwenye duka la pembejeo aliwahi kuiona kwenye jumla ya mauzo yake.

Fundi Sakina (Arusha)

Karani, toa hofu. Hakuna kirusi wala tapeli. Hiyo si namba ya mtu, ni dari.

Kompyuta huandika kila kitu kwa sifuri na moja. Nafasi moja ya kuweka sifuri au moja inaitwa biti. Aliyewatengenezea jedwali alisema safu ya simu ni namba kamili ya kawaida, na namba ya aina hiyo hupewa biti 32. Chukulia una swichi 32 ukutani, kila moja ama imewashwa ama imezimwa. Mipangilio yote inayowezekana ni 2^32 (2 ikizidishwa yenyewe mara 32), yaani 4,294,967,296. Namba hasi nazo zinataka nafasi, kwa hiyo nusu ya mipangilio inakwenda kwao, kuanzia −2,147,483,648 hadi −1. Nusu ya pili inabeba sifuri na chanya. Sifuri inachukua mpangilio wake mmoja, ndiyo maana upande wa chanya unakomea 2,147,483,647, pungufu moja.

Sasa simu yenye 255 mbele ina tarakimu 12. Kwa kompyuta hiyo ni bilioni 255 na zaidi, iko mbali sana juu ya dari. Ziko hifadhidata ambazo zikipewa namba inayozidi hukataa na kukupa ujumbe wa kosa. Nyingine hazikatai, zinaandika dari yenyewe na kuendelea. MySQL hufanya hivyo ikiwa imezimiwa ukali wake. Ndicho kilichowapata. Mngeziandika bila 255 na bila sifuri ya mbele, tuseme 754 na tarakimu sita nyuma yake, msingeona kitu, kwa sababu milioni 754 inaenea chini ya dari.

Dawa yake: safu ya simu iwe ya maandishi. Simu haijumlishwi wala haizidishwi, haina sababu ya kuitwa namba. Ila hizo zilizokwisha kugeuka hazirudi. Kila simu imefutwa na dari ikaandikwa juu yake. Itabidi mrudi kwenye fomu za karatasi, msizitupe kabisa.

Karani wa Kiboriloni

Ahsante sana Fundi, umenitua mzigo. Fomu zipo kabatini. Swali lingine dogo: safu za fedha nazo zikoje? Maana za sasa hivi zinaonekana sawa.

Fundi Sakina

Hilo si swali dogo hata kidogo, na nashukuru umeliuliza kabla halijawakuta.

Programu nyingi tunazotumia zimeandikwa na watu wanaohesabu kwa dola. Kwao bilioni mbili ni fedha ambayo duka la kawaida halitaiona, kwa hiyo wanaacha safu ya biti 32 na wanalala salama. Sisi tunahesabu kwa shilingi. Tuseme kilo ya kahawa inauzwa shilingi 8,000: tani 270 tu zinaleta 2,160,000,000, tayari umevuka. Mbaya zaidi ni programu zinazotunza fedha kwa senti ili kukwepa nukta. Hapo dari inashuka hadi shilingi 21,474,836 na senti 47. Milioni 21! Hiyo ni mikopo ya watu wachache tu.

Na kwenye fedha mara nyingi haitokei ile ya kuganda kwenye dari. Inatokea ya kuzunguka. Ukiwa kwenye 2,147,483,647 ukaongeza moja, hupati 2,147,483,648, unapata −2,147,483,648. Zile bilioni 2.16 za kahawa zitasomeka −2,134,967,296. Mtu akiona hasi kubwa namna hiyo anadhani fedha imeibwa, wakati imebadilika sura tu. Hii ina tiba: jumlisha 4,294,967,296 kwenye hiyo hasi, utapata 2,160,000,000 yako kamili. Jaribu kwa kikokotoo. Ila ikiwa jumla imezunguka zaidi ya mara moja, unajumlisha tena kwa kila mzunguko, kwa hiyo ni lazima ujue kiasi cha makadirio.

Mwambie mtu wenu wa IT safu zote za jumla ziwe za biti 64. Dari yake ni 9,223,372,036,854,775,807. Kwa shilingi hatuifikii.

Halafu andikeni na tarehe hii: Jumanne, 19 Januari 2038. Kompyuta nyingi huhesabu muda kwa sekunde tangu mwanzo wa mwaka 1970 kwa saa za Greenwich. Zile zinazotumia biti 32 zitafika sekunde ya 2,147,483,647 siku hiyo, kwa saa zetu ni saa 12 na dakika 14 na sekunde 7 asubuhi. Sekunde inayofuata zitajiona ziko tarehe 13 Desemba 1901. Mkopo wa nyumba wa miaka 15 unaotolewa leo unavuka tarehe hiyo, na ratiba ya marejesho inaandikwa leo. Kwa hiyo hili si la 2038, linaanza kuuma sasa.

Mwalimu wa Rau (Moshi)

Fundi ameeleza dari vizuri sana na sina la kuongeza hapo. Naomba niishike namba yenyewe, kwa sababu Karani ameuliza kwa nini ameikuta kwenye kurasa za hesabu tupu. Namba hii ilikuwa na sifa zake tangu 1772, kabla hakujawa na kompyuta wala umeme wa kuiwasha.

Isome kwanza kwa sauti: bilioni mbili, milioni mia moja arobaini na saba, laki nne na elfu themanini na tatu, mia sita arobaini na saba. Ni 2 iliyozidishwa yenyewe mara 31, ukatoa moja. Na ni namba tasa. Hakuna kinachoigawa isipokuwa 1 na yenyewe.

Aliyethibitisha ni Leonhard Euler, Mswisi aliyekuwa akifanya kazi St Petersburg. Wakati huo alikuwa karibu kipofu kabisa, anafanya hesabu kichwani na kuwaamuru wasaidizi waandike. Naomba wanafunzi waliopo humu wasipite haraka hapa. Jiulizeni: mtu asiyeona, asiye na kikokotoo, anajuaje kwamba namba ya tarakimu kumi haina kigawo?

Njia ya shuleni tunaijua sote. Kama namba ina kigawo, basi kimoja wapo hakizidi kipeuo chake cha pili. Kipeuo cha pili cha namba yetu ni 46,340 na kidogo. Namba tasa zilizo chini ya hapo ni zaidi ya 4,700. Kugawanya mara 4,700 kwa mkono inawezekana, ila ni kazi ya kumchosha mtu na kumkosesha.

Euler hakuzigawa zote. Alijiuliza kwanza: kigawo kama kipo, lazima kiwe na sura gani? Tufuatane polepole.

Tuseme namba tasa q inaigawa 2^31 − 1 bila baki. Maana yake 2^31 ukiigawa kwa q inabakiza 1. Kanuni ya Fermat, ya mwaka 1640, inasema 2^(q−1) nayo ikigawanywa kwa q inabakiza 1. Sasa vipeo vya 2 vinavyobakiza 1 huja kwa hatua zilizo sawa, na kwa kuwa 31 ni tasa, hatua yenyewe haiwezi kuwa nyingine ila 31. Kwa hiyo 31 lazima iigawe q − 1. Tena q ni witiri, hivyo q − 1 ni shufwa. Basi 62 inaigawa q − 1. Kila kigawo tasa kina sura ya 62k + 1, ambapo k ni namba kamili. Kwa mstari huo mmoja, sehemu kubwa sana ya zile 4,700 imeondoka.

Bado. Kama 2^31 inabakiza 1, basi 2^32 inabakiza 2. Lakini 2^32 ni kipeo cha pili cha 2^16. Yaani kwa macho ya q, 2 ni kipeo cha pili cha namba fulani. Na namba tasa witiri zenye tabia hiyo ni zile tu ambazo ukizigawa kwa 8 zinabakiza 1 au 7. Unganisha masharti mawili, unabaki na sura mbili tu: 248k + 1 na 248k + 63.

Chini ya 46,340 namba za sura hizo hazifiki 400, na nyingi si tasa, zinaanguka zenyewe. 63 si tasa. 249 ni 3 × 83. Ya kwanza ya kujaribu kweli ni 311. Gawanya: unapata 6,905,092 na baki 35. Imekataa. 497 ni 7 × 71, ruka. 559 ni 13 × 43, ruka. Inayofuata iliyo tasa ni 1,303: inabakiza 226. Unaendelea hivyo, na za kujaribu kwa kweli ni chini ya mia moja. Zote zinakataa. Hiyo ni kazi ya siku chache kwa mtu mwenye utulivu, na jibu lake ni la uhakika milele.

Nimefundisha hesabu muda mrefu na sijapata mfano bora wa kumwonyesha mtoto kwamba kufikiri kabla ya kukokotoa ndiyo hesabu yenyewe. Namba hii ilibaki kuwa namba tasa kubwa kuliko zote zinazojulikana kwa miongo mingi.

PCM Ngarenaro (Arusha)

Shikamoo mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tano. Nimefuata hadi mwisho, ila kuna kitu. Kwa kuwa 31 ni tasa, si tungesema tu moja kwa moja kwamba 2^31 − 1 ni tasa? Nimejaribu 2^2 − 1 ni 3, 2^3 − 1 ni 7, 2^5 − 1 ni 31, 2^7 − 1 ni 127. Zote tasa.

Mwalimu wa Rau

Marahaba mwanangu, swali zuri. Songa hatua moja tu mbele: 2^11 − 1 ni 2,047, nayo ni 23 × 89. Kipeo 11 ni tasa lakini jibu si tasa. Kinyume chake ndicho cha kweli: kipeo kikiwa si tasa, jibu haliwezi kuwa tasa. Kipeo kikiwa tasa, unapewa ruhusa ya kujaribu, hujapewa jibu.

Usione aibu, wakubwa wamekwama hapo. Pietro Cataldi wa Italia alithibitisha vipeo 17 na 19 mwaka 1588, kazi kubwa kwa zama zile. Kisha akadai 23, 29, 31 na 37 navyo vinatoa namba tasa. Kati ya hivyo vinne ni 31 peke yake iliyosimama. Mtawa wa Ufaransa Marin Mersenne, ambaye namba za aina hii zinaitwa kwa jina lake, alitoa orodha ya vipeo vya namna hiyo mwaka 1644. Ilikuwa na 67 na 257 ambazo hazimo, na iliacha 61, 89 na 107 ambazo zimo.

Angalia 23 na 89 uone kama zinafuata kanuni ya Euler. Kipeo ni 11, kwa hiyo sura ni 22k + 1. 23 ni 22 + 1. 89 ni 88 + 1.

Mzee wa Kibosho

Hamjambo wote. Nimesoma mpaka hapa bila kuruka. La simu nimelielewa, la fedha limenigusa kwa sababu niko kwenye bodi ya chama cha msingi cha kahawa, na kesho nitauliza kuhusu hizo safu. Ila hili la namba tasa, mwalimu, naomba niulize kwa nia njema: linamsaidia nani?

Mwalimu wa Rau

Shikamoo mzee. Swali lako liliulizwa zamani kuhusu namba hii hii. Euclid, Mgiriki wa kale, alionyesha kwamba namba ya aina hii ikiwa tasa, inazaa namba timilifu, yaani namba iliyo sawa na jumla ya vigawo vyake vilivyo chini yake, kama 6 ambayo ni 1 + 2 + 3, au 28 ambayo ni 1 + 2 + 4 + 7 + 14. Namba yetu inazaa 2,305,843,008,139,952,128. Mwaka 1811 Mwingereza Peter Barlow aliandika kwamba hiyo ndiyo namba timilifu kubwa itakayopata kugunduliwa, kwa sababu namba hizi ni za kushangaza tu, hazina faida, na hakuna atakayejisumbua kutafuta nyingine. Watu walijisumbua. Mwaka 1876 Édouard Lucas wa Ufaransa alithibitisha 2^127 − 1, namba tasa yenye tarakimu 39. Na Oktoba 2024 Luke Durant wa Marekani alipata 2^136,279,841 − 1, yenye tarakimu 41,024,320.

Ila umeuliza faida, na Fundi ataieleza kuliko mimi.

Fundi Sakina

Shikamoo mzee. Faida yake ninayoitumia kazini ni hii. Kompyuta inahitaji namba za bahati nasibu kwa mambo mengi: kuchagua wanachama wa kuhojiwa bila upendeleo, kuiga foleni ya wateja, kujaribu programu. Lakini kompyuta haijui kubahatisha, inafuata kanuni. Njia moja maarufu iliyotumika kwenye mashine za IBM tangu miaka ya 1960 ni hii: chukua namba yoyote kuanzia 1, zidisha kwa 16,807, gawanya kwa 2,147,483,647, ubaki na baki. Hilo baki ndiyo namba yako mpya, rudia tena.

Ukianza na 1 unapata 16,807, kisha 282,475,249, kisha 1,622,650,073, kisha 984,943,658. Zinarukaruka huku na huku. Utapita kila namba kuanzia 1 hadi 2,147,483,646, kila moja mara moja tu, ndipo unarudi kwenye 1. Hakuna inayorukwa. Hilo linawezekana kwa sababu namba tunayogawanya kwayo ni tasa. Ungetumia namba isiyo tasa, namba kadhaa zingeachwa nje na mzunguko ungekatika mapema. Na kwa kuwa tasa hiyo iko sawasawa na dari ya biti 32, kila baki linaenea kwenye nafasi yake. Nionye tu: zisitumike kutengeneza neno la siri, maana anayejua moja anajua zote zinazofuata.

Hapo hapo nina swali langu kwa mwalimu. Dari kuangukia kwenye namba tasa, ni kanuni au imetokea tu?

Mwalimu wa Rau

Imetokea, lakini imetokea kwa mpangilio wa kupendeza. Dari ya biti 8 ni 2^7 − 1, yaani 127, tasa. Ya biti 16 ni 2^15 − 1, yaani 32,767, nayo ni 7 × 31 × 151. Ya 32 ni yetu, tasa. Ya 64 ni 2^63 − 1, na hiyo inagawanyika hata kwa 7, tena mara mbili. Ya 128 ni 2^127 − 1, ile ya Lucas, tasa tena.

Vipeo ni 7, 15, 31, 63, 127. 15 ni 3 × 5 na 63 ni 7 × 9, kwa hiyo mbili hizo zilihukumiwa kabla ya kuanza. 15 ikigawanyika kwa 3, basi 2^15 − 1 inagawanyika kwa 2^3 − 1. Hizo tatu nyingine zilipata ruhusa ya kujaribu, na zote tatu zikafaulu. Hakuna kanuni iliyozilazimisha. 11 nayo ilipata ruhusa ikaanguka.

PCM Ngarenaro, kazi yako hii hapa: 2^29 − 1 ni 536,870,911. Cataldi alisema ni tasa. Tumia njia ya Euler, usitumie kikokotoo cha kutafuta vigawo.

PCM Ngarenaro

Mwalimu nimeifanya. Sura ni 58k + 1. 59 ukiigawa kwa 8 inabakiza 3, haifai. 117 inabakiza 5, haifai. 175 inabakiza 7 lakini si tasa. 233 inabakiza 1 na ni tasa. Kwa hiyo 233 ndiyo ya kwanza kabisa ya kujaribu. Nikagawanya: 536,870,911 ÷ 233 = 2,304,167, hakuna baki! Jaribio la kwanza tu. Cataldi angekuwa na kanuni hii angeipata asubuhi moja.

Mwalimu wa Rau

Safi sana. Euler mwenyewe aliivunja kwa 233 hiyo hiyo. Usiishie hapo. 2,304,167 nayo haijamalizika, na vigawo vyake lazima vifuate sura hiyo hiyo.

PCM Ngarenaro

Imechukua muda kidogo kwa sababu nilizijaribu zote kwa mpangilio. 2,304,167 = 1,103 × 2,089. 1,103 ni 58 × 19 + 1, na ukiigawa kwa 8 inabakiza 7. 2,089 ni 58 × 36 + 1, inabakiza 1. Nimehakiki kwa kuzidisha zote tatu kwa mkono, inarudi 536,870,911.